Giaboksi Ishushwe Uani au Gereji? Mjadala wa Nyegezi

Klachi ikianza kuisha, mji wa Mwanza haukufichi. Kwenye lami ya tambarare unaweza kujidanganya mwezi mzima, lakini ukikunja kutoka barabara kuu ya Shinyanga pale Nyegezi na kuanza kupanda kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya majabali, mambo yanajitokeza yenyewe: injini inanguruma, gari halisogei, na harufu ya kitu kilichoungua inaingia ndani. Pleti imekwisha. Na pleti imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti, nyuma ya injini, mahali usipoweza kuingiza hata kidole mpaka giaboksi iteremshwe. Njia nyingine hakuna.

Je, mwenye gari aishushe mwenyewe uani kwake, au alipeleke gari gereji? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama mfuko. Nadhani mfuko ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe, na ndiyo maana nimeziita hapa sauti nne: mwenye Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), fundi wa siku nyingi, mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari, na mama mwenye nyumba ambaye kazi inataka kufanyika uani kwake. Sauti zenyewe nimezitunga, ila hoja ni zile zile zinazosemwa kila siku kwenye vibanda vya spea na chini ya miti inakoegeshwa Kirikuu. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza, kwa kuwa nina upande.

MWENYE KIRIKUU: Shikamooni wazee wangu. Naomba nianze, maana gari ni langu na njaa ni yangu. Hii Kirikuu ndiyo inayolisha nyumba. Asubuhi ipo nje ya stendi ya Nyegezi inasubiri mizigo ya wasafiri wa mabasi, mchana inapeleka saruji na mabati Malimbe au Luchelele, mwaka wa masomo ukianza inahamisha magodoro ya wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hata ng'ambo ya Busisi naenda na kurudi bila kupanga foleni ya kivuko. Sasa ikilala gereji siku tatu, nyumbani siku tatu hatuna mboga. Na mikono ninayo. Giaboksi yake ni ndogo, watu wawili wanainyanyua. Kwa nini nisiishushe Jumapili, Jumatatu nikarudi barabarani?

FUNDI: Marahaba, kijana wangu. Sikatai kwamba mikono unayo. Nati haimchagui mtu, inafunguka kwa yeyote mwenye spana inayoikaa. Nakuuliza hivi tu: pleti imekufa kwa sababu gani?

MWENYE KIRIKUU: Imezeeka, mzee wangu.

FUNDI: Imezidiwa. Hilo gari ni Suzuki Carry, limetengenezwa kwa daraja la magari madogo la Japani, injini isiyozidi sisi 660, na sheria ya huko kwao inaliruhusu kubeba kilo 350. Mfuko wa saruji una kilo 50. Piga hesabu: mifuko saba, umemaliza. Wewe unapakia mingapi?

MWENYE KIRIKUU: Kwa mifuko saba, mzee, hakuna atakayenikodi.

FUNDI: Najua. Na ukisimama mlimani unalishikilia gari kwa klachi, mguu nusu, badala ya kuvuta breki ya mkono. Ndiyo maana nikiishusha giaboksi sitazami pleti peke yake. Natazama flaiwili: ikiwa imegeuka rangi ya buluu na ina nyufa ndogo ndogo, imeungua; ikakerezwe au itafutwe nyingine, la sivyo gari litatetemeka kila unapoondoka hata kama pleti ni mpya. Naigusa sili ya nyuma ya krenkishafti. Ikiwa na unyevunyevu naibadilisha hapo hapo, kwa sababu oili ikidondokea pleti mpya itateleza kama ile ya zamani. Rilizi beringi naizungusha karibu na sikio. Vidole vya presha pleti navitazama kama vimelika sawasawa. Wewe Jumapili hiyo utatazama nini? Utaona pleti imekwisha, utaweka mpya, utafunga, utafurahi. Kisha utakuja kwangu kulipia kazi ile ile mara ya pili.

MWALIMU: Fundi, yote uliyosema ni hoja ya maarifa. Bado hujasema lolote kuhusu mahali. Kijana akiandikiwa kwenye karatasi hivyo vitu vinne vya kutazama, atavitazama akiwa uani vile vile.

FUNDI: Mwalimu, karatasi haisikii beringi inayolia.

MWALIMU: Sikio analo, na wewe ulifundishwa na mtu. Hukuzaliwa unaijua sauti ya beringi.

Hapa namuunga mkono mwalimu. Kuna tabia ya kuzungushia kazi ya giaboksi uzio wa siri, kana kwamba mwenye gari akiijua atamnyima fundi riziki yake. Kinyume chake ndicho ninachokiona mitaani: mwenye gari anayeijua kazi humheshimu fundi mzuri na kumlipa bila kelele, kwa sababu anajua amelipia nini. Asiyejua hubishana hata juu ya bei ya sili. Lakini fundi naye ana neno lake la maana, nalo lisipite haraka: seti ibadilishwe nzima. Pleti, presha pleti na rilizi beringi huchoka pamoja. Gharama kubwa ya kazi hii ni kupanda na kushuka kwa giaboksi yenyewe, na anayeiteremsha ili aokoe bei ya beringi moja amejitengenezea safari ya pili.

MWALIMU: Basi tumpe kazi yenyewe ilivyo, tuone ni wapi panamshinda. Kijana, sikiliza. Gari likae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu yazuiwe. Toa waya wa hasi wa betri, kwa sababu stata itafunguliwa, na ule waya wake mnene una umeme muda wote. Spana ikiugusa na kugusa bodi, ni cheche. Mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni kabla hujagusa propela. Ukitanguliza kuchomoa propela, oili inatokea mkiani na kukumwagikia usoni.

MWENYE KIRIKUU: Hiyo nimeiona kwa macho.

MWALIMU: Vizuri. Pale propela inapokutana na difu piga alama ya rangi, ili wakati wa kurudisha ikae ilivyokuwa; ikigeuzwa, gari linaweza kutetemeka likishika mwendo. Kisha vitu vidogo: waya wa klachi, nyaya mbili za gia, waya wa taa ya rivasi, waya wa spidi. Kila bolti iingie kwenye kopo lake au irudishwe kwenye tundu lake kwa mkono, maana bolti ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi inapasua mwili wa giaboksi, ambao ni wa aluminiamu. Stata itoke. Hapo weka ubao chini ya sampu ya injini na jeki ya pili iishike. Mkia wa giaboksi unabebwa na kipande cha chuma kilichokatiza chini ya chesisi. Ukikifungua bila kuishika injini, injini nzima inalalia nyuma na kuvuta mipira na nyaya zilizoko mbele.

FUNDI: Na feni inaweza kugusa rejeta.

MWALIMU: Kweli kabisa. Sasa ndipo kazi inaanza. Bolti zinazoushika mdomo mpana wa giaboksi kwenye injini, zile za juu, huzioni. Unateremsha mkia kidogo kwa jeki ili upate nafasi, unaunga ekstensheni mbili, unapapasa. Zikitoka zote, giaboksi inabaki imeshikwa na pini mbili na ile shafti yake iliyoingia kwenye meno ya pleti. Hapo vijana wengi huiacha ining'inie wakapumzike. Isining'inie hata dakika moja! Uzito wote unaelemea shafti, shafti inakipinda kitovu cha pleti. Wakati wa kushusha huoni hasara, kwa sababu pleti ni ya kutupwa. Wakati wa kurudisha, ukifanya hivyo hivyo, umeiua pleti mpya kabla haijafanya kazi. Ivutwe nyuma imenyooka, sambamba na injini, mpaka shafti itoke yote, ndipo ishuke.

MWENYE KIRIKUU: Mwalimu, hayo yote nayaweza.

MWALIMU: Nami naamini unayaweza. Nakuuliza jambo moja. Wakati unayafanya hayo, uko wapi?

MWENYE KIRIKUU: Chini ya gari.

MWALIMU: Na gari limekaa juu ya nini?

Kijana hakujibu, na jibu tunalijua sote. Limekaa juu ya mawe. Sisi wa Mwanza tumezaliwa tunayaona mawe kila upande, tumejenga juu yake, tumeyaponda kuwa kokoto, kwa hiyo gari likinyanyuliwa, kitu cha kwanza ambacho mkono unakiokota ni jiwe. Lakini jiwe la granaiti lenye mgongo wa mviringo linagusana na chuma cha chesisi mahali padogo mno, na mtu anayevuta bolti iliyokaza kwa nguvu zake zote akiwa chini ya gari analitikisa gari zima. Tofali la saruji ni baya zaidi. Halipindi kwanza likakuonya, linapasuka mara moja. Jeki ya mafuta nayo inategemea raba ndogo iliyo ndani yake; raba ikichoka jeki inashuka, na haichagui saa. Jeki imetengenezwa kwa kunyanyua. Kushikilia si kazi yake. Kirikuu tupu ina karibu kilo 700, na hata sehemu yake ikikulalia kifuani, pumzi haiingii.

Hapo ndipo upande wangu ulipo. Bei ya gereji, siku zinazopotea, fahari ya kujua kufungua gari lako mwenyewe, yote hayo ninayaheshimu. Lakini yote yanakuja baada ya swali la mwalimu. Stendi za chuma zenye miguu mitatu au minne na jino la kufungia, mbili mbele na mbili nyuma, ndizo zinazoamua kama kazi ianze au isianze. Pasipo nazo sitaki kusikia kwamba giaboksi ni ndogo.

FUNDI: Mwandishi amesema nililotaka kusema. Ndiyo maana namwambia kijana alete gari gereji.

MWALIMU: Taratibu, fundi wangu. Gereji ipi? Gereji nyingi za huku kwetu ni gereji bubu, mti mmoja, turubai moja, na gari juu ya magogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye gereji amlinde anayefanya kazi chini ya gari. Wakaguzi wa OSHA wakija leo chini ya mti wako, watakuta stendi ngapi?

FUNDI: Mbili.

MWALIMU: Na magari yaliyonyanyuliwa?

FUNDI: Mwalimu, unanibana.

MWALIMU: Nakubana kwa sababu vijana unaowafundisha ndio wanaolala chini. Wewe siku hizi unashika tochi tu.

FUNDI: Nakubali. Lakini nami nina la kujitetea. Chini ya mti wangu hakuna mtu anayefanya kazi peke yake. Kijana akiwa chini, mwingine yuko juu anamtazama. Nina mnyororo wa kuinulia, nina watu wanne wa kunyanyua gari kwa haraka likitokea la kutokea. Uani Jumapili kijana huyu yuko peke yake, mkewe yuko kanisani, redio inapiga kelele. Nani atamsikia?

MWENYE KIRIKUU: Hilo limenichoma, mzee wangu. Sikulifikiria.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mwangaluka. Mmezungumza mpaka jua limepanda, na mwenye uani hakuna aliyemuuliza.

MWENYE KIRIKUU: Tusamehe, mayu. Karibu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mimi giaboksi siijui, ila watoto nawajua. Hapa kwangu kuna wangu na wa wapangaji. Mpira ukiingia chini ya gari, mtoto anaufuata, hatazami jeki. Kwa hiyo la kwanza, baba, siku ya kazi hiyo watoto watakuwa wapi? La pili ni oili. Mpangaji mwingine alifungua gari lake hapa, oili akaimwaga kwenye mfereji ule. Mvua ilipokuja ikateremka nayo. Inateremkia wapi? Nyegezi yote inateremkia ziwani. Mimi nauza dagaa. Ziwa ndilo lililosomesha wanangu.

MWENYE KIRIKUU: Mayu, ni lita moja na kitu tu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kila mtu mtaa huu ana lita moja na kitu.

Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo katika mjadala huu. Chanzo cha maji cha Butimba, chenye mtambo uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya jiji, kinavuta maji ya Ziwa Viktoria jirani kabisa na Nyegezi. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko hapa hapa, kinafundisha vijana kuishi kwa ziwa hili. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imekuwa ikiwaambia watu wake kwamba oili chafu ya kubadilisha injini moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Oili ya giaboksi ya Kirikuu ni kidogo kuliko ya injini, lakini haiyeyuki majini na haiozi upesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua maji, na haibagui kati ya kiwanda na uani.

MWENYE KIRIKUU: Nitaikinga kwenye beseni, niitie kwenye dumu lenye mfuniko. Mafundi seremala wanainunua, wanapaka mbao za paa kuzuia mchwa.

MAMA MWENYE NYUMBA: Dumu liwekwe alama, lisije likarudi kisimani. Na mchanga uwepo wa kunyonyea itakayomwagika.

FUNDI: Mama, kuna jambo jingine ambalo hata sisi tunalisahau. Vumbi. Giaboksi ikishatoka, ndani ya presha pleti kuna vumbi jeusi la pleti iliyolika. Vijana hulipuliza kwa upepo wa kompresa, au kwa mdomo.

MWALIMU: Hapo niongezee. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Japani yenyewe ilipiga marufuku asbesto kwenye pleti za klachi na breki mwaka 2004, na Hiace zile za zamani zinazopiga kazi ya daladala hapa Mwanza zilitengenezwa kabla ya hapo. Zile za spea za bei poa hujui zimetengenezwa na nani. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya aina zote inaleta saratani. Kwa hiyo vumbi lisipulizwe. Lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Na anayefanya hivyo awe na barakoa.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na nguo zake asizilete kwenye beseni langu la kufulia.

MWENYE KIRIKUU: Sasa niruhusuni nami niseme la moyoni. Mzee wangu fundi, usinikasirikie. Sababu inayotufanya tutake kufungua wenyewe siyo bei peke yake. Unanunua pleti mpya, unaiacha gereji, unakwenda kutafuta hela. Ukirudi gari limeshafungwa. Nani anakuhakikishia kwamba iliyoingia ni ile uliyonunua? Kuna mwenzetu gari lake lilianza kuteleza tena muda si mrefu, na gereji alikolipeleka kila mtu akamwambia hajui.

FUNDI: Sikasiriki. Wapo wanaofanya hivyo, na wanatuchafua sote. Dawa yake unayo mwenyewe. Kaa pale. Siku giaboksi inashushwa na siku inapandishwa usiende popote. Piga picha pleti yako mpya kabla haijafungwa, na ile ya zamani uondoke nayo. Fundi anayekukatalia kuondoka na spea yako chakavu, mwache na kazi yake.

MWALIMU: Kumbe basi mnakaribiana. Kijana anataka macho yake yawepo, na wewe unataka mikono yenye uzoefu iwepo. Kwa nini fundi asije uani?

FUNDI: Tunakwenda kila siku tukiitwa. Mkono mtupu haulambwi, lakini nikilipwa vizuri nakwenda. Ila uani kwa mama pana mteremko. Kijana, umewahi kupaangalia? Kutoka mlangoni mpaka kwenye mfereji ule pameinama. Gari likinyanyuliwa pale, hata kwenye stendi, linataka kukimbia. Na ardhi ni ya mchanga, miguu ya stendi itazama.

MWENYE KIRIKUU: Tunaweza kutandika mbao pana chini ya stendi.

FUNDI: Mbao inasaidia mchanga. Mteremko haisaidii.

Fundi hapo alisema lile ambalo watu wa vitabu hulisahau. Maelekezo ya kushusha giaboksi, popote yalipoandikwa duniani, huanza kwa kudhani kwamba mtu ana sakafu ya zege iliyonyooka mbele ya nyumba yake. Nyegezi tunaishi juu ya miinuko. Nyumba ngapi zina mita tano za sakafu iliyo sawa? Kwa wengi wetu, swali la uani au gereji limeshajibiwa na ardhi kabla hata ya kufikia spana. Na mwenye uani ulioinama ana njia moja ya heshima: akaombe sehemu kwa jirani mwenye zege, au alipeleke gari kwa fundi mwenye sakafu.

Kuna kurudisha pia, ambako watu hawakuzungumzii kwa sababu wanadhani ni kushusha kwa kinyume. Giaboksi ikipanda ndipo subira ya mtu inapopimwa. Pleti lazima ikae katikati kabisa kabla presha pleti haijakazwa, ama kwa kutumia shafti ya giaboksi mbovu, ama kijiti kilichochongwa na kuzungushiwa utepe mpaka kikae sawasawa tunduni. Pleti ina upande wa kuelekea flaiwili, umeandikwa. Ikiwekwa kinyume, klachi haitaachia na kazi yote inarudi mwanzo. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Vidole vyenye grisi visiguse uso wa pleti. Kisha watu wawili wanaiinua giaboksi, mmoja wao akizungusha shafti ya mkiani ili meno yapate meno. Isipoingia, jibu ni kuitoa na kuitazama upya. Anayeivuta kwa kukaza bolti ili iingie kwa nguvu anapasua mdomo wa giaboksi, na hapo hasara yake imezidi bei ya klachi mara nyingi.

MWALIMU: Kijana, baada ya yote haya, bado unataka kuishusha?

MWENYE KIRIKUU: Bado, mwalimu. Ila si peke yangu na si juu ya mawe.

MWALIMU: Hilo ndilo nililotaka kusikia. Na ukishaishusha mara kadhaa ukiwa na fundi, nenda chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato uulize habari ya kurasimisha ujuzi uliojifunza mtaani. Wanakupima, wanakuongezea kilichopungua, wanakupa cheti. Siku Kirikuu ikikuchosha utakuwa na kazi ya mkono.

FUNDI: Na ukikuta giaboksi yenyewe inalia, usiifungue uani. Kushusha ni bolti. Kufungua giaboksi ni sinkro, beringi na vipimo, vumbi moja likiingia umekwisha.

Uamuzi wangu huu hapa, na nausema bila kusitasita. Giaboksi ya Kirikuu au gari jingine dogo lenye propela inaweza kushushwa nyumbani, endapo sakafu ni ngumu na iko sawa, gari liko juu ya stendi nne za chuma, watu ni wawili au zaidi na mmoja wao ameshaifanya kazi hiyo, watoto wameondolewa, na oili ina chombo chake. Likikosekana moja kati ya hayo, gari liende gereji yenye sakafu. Hiace ni nzito, na mdomo wake ni mgumu kufikiwa. Mwachieni fundi mwenye jeki ya giaboksi. Magari ya kuvuta mbele, ambayo injini lazima ining'inizwe kwa juu giaboksi inapotoka, si kazi ya uani. Yenye giaboksi ya pili ya kuendesha magurudumu manne ni hivyo hivyo, na otomatiki sitaki hata kuijadili.

Wenye Kirikuu wa Nyegezi mnachangiana misiba na harusi bila kuitwa mara mbili. Changieni basi stendi nne za chuma, jeki moja nzuri ya magurudumu na beseni la oili, vikae kwa mmoja wenu mnayemwamini, na kila ambaye klachi yake imeisha aviazime. Na ukimkuta jirani yako amelala chini ya gari lililokaa juu ya jiwe, mtoe kwanza, ndipo umsalimie.